Mafundi wa Kidole Mdudu

Kidole mdudu huanza na kitu ambacho mgonjwa mwenyewe amekwisha kisahau. Mwiba, kibanzi cha ganda la korosho, kijinyama cha pembeni mwa kucha kilichong'olewa kwa meno. Jioni kidole kinawasha, usiku kinapwita, na alfajiri ya pili mtu amekaa kitandani ameinua mkono juu ya kichwa, kwa sababu akiushusha tu maumivu yanampanda hadi kwapani. Anayekitazama kwa mbali haoni jambo. Ncha imevimba na kung'aa kidogo, basi.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinaishi kwa vidole. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta matrekta Nachingwea kulima karanga kwa mashamba makubwa. Mradi ulianza mwaka 1947, na 1951 ukawa umekwisha kuachwa. Iliyobaki ni mikono: korosho, ufuta na mbaazi zinazouzwa leo kwenye minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, zimepita karibu zote mikononi mwa watu. Korosho ndiyo kali kuliko zote. Ndani ya ganda lake mna mafuta ya kahawia yanayobabua ngozi. Mbanguaji hujipaka majivu au mafuta ya nyonyo, lakini wiki zikisonga vidole vinachubuka na kupasuka, na kila ufa ni mlango wa bakteria.

Mama niliyemfuata kwa ruhusa yake, katika hospitali moja ya huku, alikuwa mbanguaji, na kidole chake kilikuwa cha shahada cha mkono wa kulia. Alikuwa amekesha usiku wa tatu. Kabla ya kuja alinunua vidonge vya rangi mbili, nusu dozi, maana hela ilitosha hiyo. Vingine alimeza, viwili alivifungua akamwaga unga wake juu ya kidole. Alieleza haya uso ameuinamisha, akingoja kukaripiwa. Tabibu, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, alimwamkia shikamoo, akavuta kiti akakaa kimo kimoja naye, akamwomba alaze mkono juu ya taulo. Hakukaripia. Aliandika aina ya dawa na idadi ya vidonge, kwa kuwa hiyo ni habari atakayoihitaji baadaye.

Kwanza alitazama tu, mikono yake mwenyewe mapajani. Alikuwa anatafuta dalili nne za Allen Kanavel, mpasuaji wa Chicago aliyeandika kitabu cha mwaka 1912 kuhusu maambukizi ya mkono, ambazo hadi leo ndizo zinazofundishwa: kidole kizima kimevimba sawasawa, kimejikunja chenyewe kidogo, kinauma ukibonyeza kufuata njia ya kano upande wa kiganja, na ukijaribu kukinyoosha mgonjwa anaruka. Zikiwepo hizo, usaha umeingia kwenye ala ya kano, na mgonjwa huyo anapelekwa chumba cha upasuaji saa ileile kabla kano haijaoza. Tabibu alinyoosha kidole cha mama kidogo kidogo, macho yake yakiwa usoni mwa mama na si kwenye kidole. Kilinyooka. Ugonjwa ulikuwa bado umefungiwa kwenye pingili ya mwisho.

Kisha akachukua njiti ya kiberiti, upande usio na baruti, akaanza kugusa ncha ya kidole nukta kwa nukta. Hapa? Hapana. Hapa? Kidogo. Hapa? Mama alivuta pumzi kwa meno. Pale akaweka alama ya kalamu. Kwa kidole gumba angekuwa amebonyeza eneo lote na kila mahali pangeuma. Njiti ilimwonyesha mahali ambapo usaha umekaribia ngozi.

Hakuwa na haraka ya kisu. Alichoma kidole cha mkono mwingine, akapima sukari, akaridhika kwamba iko sawa. Nilimuuliza sababu, akanikumbusha yaliyoonekana Dar es Salaam. Dokta Zulfiqarali Abbas na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari ambao mchubuko mdogo tu wa mkono, au kuumwa na mdudu, kulizaa uvimbe uliopanda kwa kasi hadi wengine wakakatwa vidole au mkono, na wengine wakafa. Taarifa yao ya wagonjwa wa 1998 hadi 2002 ilichapishwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Tangu hapo, tabibu makini hafungui kidole bila kujua sukari.

Ganzi ilichomwa chini kabisa ya kidole, pande zote mbili, mahali mishipa ya fahamu inapopita: dawa kidogo huku, kidogo kule, sindano nyembamba, ikisukumwa polepole ili ngozi isitanuke kwa ghafla. Baada ya hapo ikaja sehemu ambayo wengi huiharibu. Alingoja. Dakika kumi nzima alingoja, huku anapanga vifaa juu ya kitambaa safi: kisu chenye ubapa mdogo uliochongoka, koleo dogo, bomba la mililita 20 lenye maji ya chumvi, gozi, kijiti cha pamba ndani ya mrija wake. Mama alipoguswa na ncha ya sindano akasema anasikia mguso lakini hasikii maumivu, kazi ikaanza.

Ncha ya kidole kwa ndani imegawanywa vyumba vyumba, mithili ya chungwa lililokatwa katikati, kwa nyuzi ngumu zinazoshika ngozi kwenye mfupa. Ndiyo maana tunaweza kubana sindano bila ngozi kuteleza, na ndiyo maana usaha ukiingia humo hauna pa kutanukia. Shinikizo linapanda, damu inashindwa kupita, na mfupa wa pingili unaweza kufa ukiwa ndani ya kidole ambacho kwa nje bado kina sura. Anayefungua lazima avifikie vyumba vyote. Lazima pia akwepe mishipa ya fahamu ya pembeni, asivuke mkunjo wa kiungo, na asiache kovu mahali ambapo mwenye kidole anafanyia kazi.

Hili la mwisho alilifikiria kwa namna iliyonifurahisha. Alimwomba mama amwonyeshe jinsi anavyoshika korosho. Mama akabana hewa kwa kidole gumba na cha shahada. Basi upande unaotazama kidole gumba ukasamehewa, na mkato ukapita upande wa pili, ule unaotazama kidole cha kati, karibu na alama ya kalamu. Mkato wenyewe haukuzidi urefu wa punje mbili tatu za mpunga. Usaha ulitoka mzito, wa manjano yenye weupe, na papo hapo, kabla hajaosha chochote, alizamisha kijiti cha pamba ndani kabisa ya kidonda, akakizungusha, akakirudisha kwenye mrija wenye ute wa kuhifadhia. Sampuli ikichukuliwa juu ya ngozi huleta bakteria wapitanjia. Anayetakiwa ni yule aliyejificha chini.

Ndipo koleo likaingia likiwa limefumba, likafunguliwa ndani taratibu, likatoka. Likaingia tena kwa mwelekeo mwingine. Kila likifunguliwa, chumba kimoja kilikuwa kinapasuka na usaha kidogo zaidi kufuata. Alipapasa mfupa kwa ncha butu ya kifaa: ulikuwa laini, umefunikwa bado, haukwaruzi. Akaosha kwa maji ya chumvi mara nyingi kuliko nilivyodhani inahitajika, hadi yaliyotoka yakawa na wekundu wa damu tu. Hakushona. Kipande chembamba cha gozi kililazwa mdomoni mwa kidonda, bila kushindiliwa, ili mlango usijifunge kabla nyumba haijakauka. Mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kanga ya mama mwenyewe, kiganja juu ya usawa wa moyo. Akaandikiwa kloksasilini, dawa ambayo mtu yeyote angeanza nayo, kwa sharti kwamba jibu la maabara ndilo litakaloamua.

Mrija wenye kijiti ulipewa namba, tarehe, saa, mkono gani, kidole gani, na dawa alizomeza kabla. Kuotesha vimelea hakufanyiki kila hospitali; sampuli za namna hii hulazimika kusafiri kwenda maabara yenye vifaa, na karatasi iliyojazwa ovyo inaweza kuzifanya zisifae kitu. Hii ilisafiri ndani ya kisanduku cha baridi, nami nikaifuata.

Mtaalamu wa maabara aliyeipokea alisoma karatasi kwanza, kisha mrija, kisha karatasi tena. Alipaka usaha kidogo kwenye kioo, akaukausha, akaupitisha juu ya moto, akaanza kuupaka rangi kwa njia aliyoibuni Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884: zambarau kwa dakika moja, iodini kwa dakika moja, spiriti kwa sekunde chache, halafu rangi nyekundu. Spiriti ndiyo yenye kupima ufundi. Ikizidi, rangi yote inaoshwa na kila kiumbe kinakuwa chekundu. Ikipungua, vyote vinabaki zambarau. Aliinamisha kioo, akadondosha, akatazama tone linalochuruzika, na lilipoacha kuwa la zambarau tu akamwagia maji. Kwenye hadubini vilionekana viduara vya zambarau vimekusanyika vishada vishada. Alinipisha kiti nione. Akasema anawafahamu kwa sura, lakini hajui bado kwa tabia.

Tabia huonekana kwa kuotesha, na shamba lake hutayarishwa siku kadhaa kabla. Unga wenye chakula cha bakteria huchanganywa na maji yaliyochujwa, huchemshwa hadi mchanganyiko unang'aa, huingizwa ndani ya otoklevu kwa nyuzi 121 dakika 15, kisha huachwa upoe mpaka chupa inashikika kwa mkono. Kinachougandisha ni agari, ute wa mwani. Ni Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi na Robert Koch huko Berlin, aliyependekeza mnamo 1881 waache jeli ya nyama inayoyeyuka kwenye joto na watumie agari aliyokuwa akiitumia jikoni kwake. Mwani unaolimwa kwenye mwambao wetu ni wa jamii nyingine. Ute wake huishia kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Lakini hupendeza kujua kwamba maabara za dunia nzima zinategemea jani la bahari na akili ya mpishi.

Agari humiminwa kwenye sahani juu ya meza iliyonyooka, kwa kina cha milimita 4. Si 3, si 5. Ikiwa nyembamba, dawa itatambaa mbali kuliko kawaida na kimelea sugu kitaonekana dhaifu. Ikiwa nene, dawa itazama chini na kimelea dhaifu kitaonekana sugu. Mtaalamu huyu alikuwa anatoboa sahani moja kati ya kila kundi na kupima kwa rula. Nilimuuliza kama kuna mtu anayemkagua. Akasema wapo, lakini hawaji kila siku, na wagonjwa wanakuja kila siku.

Usaha ulipakwa kwenye sahani yenye damu ya kondoo kwa kitanzi cha waya kilichochomwa hadi kikawa chekundu na kupozwa, kwa mistari inayozidi kuwa hafifu, ili mwishoni doa moja liote kutokana na kimelea kimoja. Asubuhi madoa ya dhahabu iliyofifia yalikuwa yameota, kila moja na kiwingu cheupe pembeni mahali damu ilipoliwa. Tone la haidrojeni peroksaidi lilitoa povu. Plazima kwenye kijimrija iliganda kabla saa nne hazijaisha. Mrija ukiinamishwa, haikutiririka. Jina likapatikana: Staphylococcus aureus, mkazi wa pua na ngozi za watu wengi wasioumwa chochote.

Kazi ya kupima usugu aliianza kwa kuchota madoa machache na kuyakoroga kwenye maji ya chumvi. Ukungu wa maji hayo hulinganishwa na mrija wa mfano, mbele ya kadi yenye mistari myeusi, mpaka mistari ionekane sawasawa kupitia mirija yote miwili. Ukungu huo una maana ya bakteria takriban milioni 150 katika kila mililita. Alitia tone la maji, akalinganisha, akatia nusu tone, akalinganisha. Kijiti cha pamba kikazamishwa, kikakamuliwa ukutani mwa mrija, kikapitishwa juu ya agari safi, sahani ikazungushwa kidogo, kikapitishwa tena, ikazungushwa, kikapitishwa mara ya tatu, na mwisho ukingoni pande zote. Ndani ya dakika 15 visahani vya karatasi vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, vilishushwa kwa koleo na kugongwa kidogo vishike. Kikigusa agari hakisogezwi tena, maana dawa imeshaanza kutambaa. Sahani ikageuzwa juu chini, ikaingia kwenye joto la nyuzi 35.

Njia hii ni ya mwaka 1966, ya Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle, na uzuri wake ni kwamba haikubali kuharakishwa. Saa 16 hadi 18. Umeme ukikatika usiku, mtaalamu huamka na kuja kutazama kipimajoto. Pembeni mwa sahani ya mama ilikaa sahani ya pili yenye kimelea ambacho majibu yake yanajulikana tangu zamani. Hicho kikitoa jibu lisilo lake, majibu ya siku nzima hutupwa na kazi huanza upya.

Asubuhi aliishika sahani juu ya kitambaa cheusi, taa ikiangaza kutoka pembeni, akaanza kupima kwa rula upana wa maduara ambamo bakteria hawakuota. Penisilini: karibu hakuna. Tetrasaikilini, dawa ya rangi mbili ambayo mama alijimwagia kidoleni: milimita 6, yaani upana wa karatasi yenyewe. Sefoksitini, ambayo maabara huitumia kupima kama kloksasilini na jamaa zake zitafaa: 15. Ingefika 22 ingekuwa salama. Alipima mara mbili, akazungusha sahani, akapima ya tatu kwa upande mwingine. Aina hii ya usugu iliripotiwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1961, miaka miwili tu baada ya methisilini, mojawapo ya jamaa hizo, kuanza kutumika, na sasa ilikuwa kwenye kidole cha mbanguaji wa korosho wilayani kwetu.

Halafu akafika kwenye visahani viwili alivyoviweka jirani makusudi, erithromaisini na klindamaisini. Erithromaisini ilikuwa imeshindwa. Duara la klindamaisini lilikuwa pana, na mtu wa haraka angeandika "inafaa" na kuendelea. Yeye aliinua sahani mpaka karibu na macho na kukagua ule upande wa duara uliotazamana na erithromaisini. Wapo bakteria wanaoficha usugu wao: wakinusa erithromaisini jirani wanaamka, na duara linabonyea upande huo likawa na umbo la herufi D. Mgonjwa akipewa klindamaisini hapo, atapata nafuu siku mbili kisha kidonda kitafumuka. Alitazama kwa muda mrefu. Duara lilikuwa limetimia pande zote. Ndipo akaandika.

Kwa maoni yangu huo mtazamo mrefu ndio uliomtibu mama yule, ingawa hawakuwahi kuonana. Watafiti wamekadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi, na Tanzania imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana nao tangu 2017. Mipango ni mizuri. Lakini aliyemeza nusu dozi hakufanya hivyo kwa ujinga. Alinunua kiasi cha hela yake. Na mtaalamu wa kupima milimita kwa rula hapatikani kwa semina ya siku mbili.

Jibu lilipigwa kwa simu kabla karatasi haijafika. Siku hizo zote kidole kilikuwa mikononi mwa muuguzi, sista wa chumba cha vidonda. Kisu kilikuwa kimesaidia sana, maumivu yalishapungua usiku uleule, lakini wekundu ulikuwa umesita katikati ya kidole na haukurudi nyuma. Dawa ikabadilishwa. Sista hakubadilisha chochote katika kazi yake. Kila asubuhi alilowesha gozi la zamani kwa maji ya chumvi na kungoja liachie lenyewe, kwa sababu ukilivuta kavu unang'oa nyama mpya iliyoota usiku. Alinusa, alitazama rangi, alibonyeza pembeni. Aliosha kutoka ndani kwenda nje. Alifunga bandeji kuanzia ncha kuelekea kiganjani, akiacha kipande cha kucha wazi ili rangi ya damu ionekane, na kipande cha gozi kati ya kidole na kidole ili jasho lisilowanishe ngozi. Nyama ya chini ilipopata wekundu mbichi na kuanza kupanda, kipande cha mdomoni hakikuwekwa tena.

Baadaye likaja zoezi, ambalo wagonjwa hulichukia kuliko kisu. Kidole kilichopona bila kukunjwa hubaki kijiti. Sista alimwagia mama mbaazi mezani akamwambia aokote moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, azitie kwenye kikombe, kisha amwage aanze tena. Za kwanza zilidondoka zote. Mama alicheka kwa hasira.

Siku alipoweza kufunga ngumi aliuliza lini atarudi kubangua. "Ngozi ikomae kwanza, mama, halafu uvae glavu," sista akasema. Mama akamjibu kwamba glavu za kule kazini zinapasuka kabla ya saa moja na korosho inateleza. Wakabishana kidogo. Wakakubaliana kwamba atapaka mafuta ya nyonyo kabla ya kuanza na si majivu, ataosha kwa sabuni kila akimaliza, na mkato wowote, hata ukiwa mdogo wa kutoonekana, atakuja nao siku hiyohiyo kabla hajapita dukani.